Umefunga taa kali, mbona huoni mbali?

Jirani yangu hapa Igoma, Mwanza, ana Probox ya kubeba abiria, zile tunazoziita mchomoko, inayopiga njia ya Magu. Majuzi alinunua globu za LED zilizoandikwa "wati 200" kwenye boksi, akazifunga mwenyewe. Usiku wa kwanza alirudi amefurahi kweli: mbele ya gari peupe kama uwanja wa mpira. Usiku wa tatu akanigongea mlango. "Kaka, njia nzima hakuna gari linalowaka kama langu," akasema, "lakini leo ng'ombe nimemwona nikiwa nimeshamfikia. Na kila ninayepishana naye ananipiga fulu, wakati mimi niko dimu."

Tukatoka, tukaligeuza gari likatazama ukuta wa ghala lililo jirani, tukawasha. Taa nzuri ikiwa dimu huchora mstari ukutani: chini mwanga, juu giza. Pale hapakuwa na mstari. Kulikuwa na doa kubwa jeupe lisilo na umbo, limemwagika kuanzia kwenye msingi hadi kwenye bati. Mwanga ulikuwa mwingi, lakini karibu nusu yake ulikuwa unamulika paa. Barabarani, hapo palipo paa ndipo yanapokuwa macho ya dereva mwenzako.

Maswali ya namna hii nayasikia kila mara. Kuna anayeamini LED zote ni haramu barabarani, kuna anayeamini mwanga ukiwa mweupe sana ndio unafika mbali, na wapo wanaofunga foglaiti nne kwenye bampa wakidhani wameongeza macho. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari ya Sengerema na Geita haingoji kivuko tena, na mtu anaweza kuianza hata saa mbili usiku. Ukiwa na Corolla au Carina ya miaka ya 1990, taa zako zinaonekana kama mshumaa kando ya magari mapya. Kutaka kuziboresha ni jambo la maana kabisa. Ila tujue kwanza tunachokiboresha.

Taa na globu ni vitu viwili

Tuweke maneno sawa. Globu ni kile kinachowaka. Rifleta ni ile sahani inayong'aa nyuma yake, inayopokea mwanga na kuurusha mbele. Mbele kuna kioo, ambacho kwenye magari mengi tuliyonayo ni plastiki ngumu, si kioo. Vyote vitatu kwa pamoja ndiyo taa. Dimu ni mwanga wa kupishana, ulioinamishwa. Fulu ni wa kuona mbali pasipo na mtu mbele yako. Foglaiti, yaani taa za ukungu, ni zile ndogo za chini kwenye bampa. Hizo nitazirudia.

Kisha kuna vipimo vitatu vinavyochanganywa. Wati ni umeme unaoliwa. Lumeni ni mwanga wote unaotoka kwenye globu, wa kila upande. Kelvini ni rangi ya mwanga tu: halojeni, yaani globu ya kawaida ya waya unaowaka, ina kama 3,200, nayo ni njano kidogo; zenoni za kiwandani, zinazowaka kwa cheche ndani ya gesi, zina kama 4,300; ukifika 6,000 mwanga ni mweupe kabisa, na 8,000 ni bluu. Kati ya vipimo hivyo vitatu hakuna hata kimoja kinachokuambia mwanga wako unafika wapi.

Mwanza ina mtaa uliopata jina kutokana na taa, Makoroboi, kwa ajili ya zile koroboi zilizotengenezwa kwa makopo ya bati. Koroboi inatoa mwanga na basi. Unaenda kila upande. Tusogee hadi kwa wavuvi wa dagaa. Usiku usio na mbalamwezi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai za mafuta ya taa, sasa nyingi ni LED za betri na sola, mpaka ziwa linaonekana kama mji mwingine. Mvuvi anataka mwanga umwagike pale pale chini ya mtumbwi ili dagaa wasogee. Hana haja ya kuona mbali. Dereva anataka kinyume chake: mwanga mchache miguuni, mwingi mbele sana, na usiwepo kabisa kwenye macho ya anayekuja. Jirani yangu alifunga karabai mbele ya Probox.

Chukua sasa tochi ya kizamani, ile ambayo ukizungusha kichwa chake mwanga unatanuka au unajikusanya. Betri ni zile zile, globu ni ile ile. Kilichobadilika ni umbali kati ya globu na rifleta, tena kwa milimita chache tu. Mwanga uliotanuka unamulika chumba kizima, na uliojikusanya unamfikia mtu wa ng'ambo ya barabara. Taa ya gari hufuata kanuni hiyo hiyo, ila kwa ukali zaidi: rifleta yake imepigwa hesabu kwa ajili ya waya mwembamba unaowaka mahali pamoja pasipohamishika. Weka kinachowaka milimita moja nje ya hapo na umbo la mwanga linaharibika.

Ukitaka kuliona hilo kwa macho, shika globu ya H4, ambayo ndiyo inayotumika kwenye magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000. Nyuma ina meno matatu. Ndani ya kichupa utaona waya mbili ndogo zilizosokotwa, si moja. Ile ya mbele imelala juu ya kikombe kidogo cha chuma, kama kijiko cha mtoto. Hiyo ndiyo dimu. Kikombe kinazuia mwanga usishuke kwenye nusu ya chini ya rifleta, kwa sababu nusu hiyo ingeurusha juu, machoni kwa watu. Waya wa pili hauna kikombe, kwa hiyo ukiwaka unatumia rifleta nzima: hiyo ndiyo fulu. Tazama pia upande mmoja wa kikombe umekatwa kwa mshazari. Mkato huo ndio unaoinua mwanga kidogo upande wa kushoto, ili uone watembea kwa miguu na baiskeli za pembezoni bila kumsumbua anayekuja kulia kwako. Chuma kidogo kuliko ukucha kinafanya kazi yote hiyo.

Hapo utaelewa pia kwa nini taa iliyotengenezwa kwa gari la nchi zinazoendesha upande wa kulia, kama za Ulaya bara au Falme za Kiarabu, haifai hapa hata ikiwa mpya na safi. Inainua mwanga upande wa kulia, moja kwa moja kwa dereva mwenzako. Magari ya Japani hayana shida hiyo, maana nao wanaendesha kushoto kama sisi.

LED, zenoni na hizo wati 200

Nianze na wati. Globu ya H4 ya kawaida inakula wati 60 kwenye fulu na 55 kwenye dimu. LED inatoa mwanga mwingi zaidi kwa kila wati, na hiyo ni sifa yake ya kweli. Lakini LED haipendi joto, na mwili wake wote ni wa kushika kwa vidole viwili, wenye feni ndogo nyuma. Haiwezi kula wati 100 kila upande ikadumu. Weka mita kwenye waya, zidisha ampea kwa volti: nyingi utakuta ziko kati ya wati 20 na 40. Namba ya kwenye boksi ni ya kuuzia.

LED yenyewe si kosa. Magari mengi mapya yanatoka nazo kiwandani, ila yametoka na taa nzima iliyochorwa kwa ajili ya LED. Shida inakuja pale LED inapoingizwa ndani ya rifleta iliyochorwa kwa waya wa halojeni. Waya ule unaangaza pande zote kuuzunguka. LED inaangaza kutoka kwenye vipande bapa vilivyobandikwa kushoto na kulia. Vipande vikiwa vinene, au vimekaa nyuma kidogo, mwanga unatawanyika. Zipo zilizotengenezwa kwa uangalifu, vipande vyembamba vimekaa palepale pa waya, na hizo zinaweza kuchora mstari unaokubalika. Ujerumani ilianza mwaka 2020 kuruhusu baadhi ya LED za kubadilishia, tena kwa kutaja aina ya gari na aina ya taa iliyopimwa nazo. Maana yake, globu moja inaweza kufaa kwenye gari lako na isifae kwenye la shemeji yako.

Zenoni za kuunga siziungi mkono kabisa kwenye taa ya halojeni. Zinatoa lumeni zaidi ya mara mbili ya halojeni, hazina waya bali cheche ya umeme inayowaka ndani ya gesi, na umbo la cheche hiyo haliendani na rifleta yako. Kuiwasha tu inahitaji zaidi ya volti 20,000, umeme ambao mtu hapaswi kuuchezea uani kwake akiwa na bisibisi. Kanuni za Ulaya zilidai taa zenye zaidi ya lumeni 2,000 ziwe na mfumo wa kujisawazisha zenyewe mzigo unapobadilika, na wa kujisafisha. Walijua mwanga mwingi kiasi hicho ukiinuka kidogo tu unampofusha mtu.

Na weupe? Jicho linaona mwanga mweupe-bluu kuwa mkali, kwa hiyo dereva anaridhika. Lakini bluu ndiyo inayochosha na kupofusha zaidi, na mvua ikinyesha inakurudia usoni. Lami iliyolowa hufanya kama kioo, inautupa mwanga wako mbele na kukuachia weusi. Wakati wa mvua za Oktoba hadi Desemba au Machi hadi Mei, mwenye taa za kelvini 6,000 na zaidi ndiye wa kwanza kulalamika kwamba barabara imemezwa. Ningekuwa mimi, nisingevuka 4,500.

Gari la zamani limepoteza nini hasa

Hapa ndipo ningependa tukae, maana ndipo penye faida kubwa na gharama ndogo. Corolla yako ilipotoka kiwandani ilikuwa inaona vizuri. Haikuumbwa na taa hafifu; ilizipoteza taratibu. Kabla ya kununua chochote, irudishie ilichopoteza.

Anza na kioo. Simama mbele ya gari mchana ukitazame. Kama kimekuwa na rangi ya chai ya rangi iliyopoa, au kina ukungu mweupe usiofutika, jua letu limekula ule utando mwembamba wa juu unaoikinga plastiki. Kila mwanga unaopita hapo unatawanyika: kidogo kinafika barabarani, kingine kinakwenda machoni kwa watu. Hata ukitia globu ya aina gani nyuma yake, kazi bure.

Watu wanapaka dawa ya meno. Inang'aa, ni kweli, kwa sababu dawa ya meno ina chembe za kusugua. Baada ya muda mfupi umanjano unarudi, mara nyingi kwa kasi zaidi, kwa kuwa umeondoa uchafu lakini hukurudisha utando. Njia inayodumu ni ya msasa wa maji. Ziba rangi ya gari kuzunguka taa kwa selotepu pana. Anza na msasa namba 800, maji yakitiririka muda wote, usugue upande mmoja mpaka utoke uji wa njano. Hapo moyo utakudunda, maana kioo kitakuwa cheupe pe kama kilichopakwa chokaa. Usiogope. Nenda 1,000, halafu 2,000, halafu 3,000 ukiipata, kila namba ukisugua kukatiza mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Malizia na dawa ya kung'arishia rangi ya gari. Kisha, na hapa ndipo wengi wanaishia njiani, futa kwa spiriti, acha pakauke, upulize klia, ile rangi angavu ya juu, inayokinga jua. Bila klia utaifanya kazi hii upya baada ya miezi michache.

Halafu mulika ndani kwa tochi, uitazame rifleta. Ikiwa bado inang'aa kama kioo cha kujitazamia, shukuru. Ikiwa imefubaa au imebanduka, hakuna dawa; tafuta taa nzima iliyotumika, yenye hali nzuri. Tafadhali usiifute rifleta kwa kitambaa. Ule mng'ao ni tabaka jembamba mno la alumini, na linatoka na kitambaa.

Sasa umeme. Hili hata mafundi wazuri wanalipita. Washa injini, washa taa, pima volti kwenye betri, kisha pima pale pale kwenye soketi ya globu ikiwa inawaka. Kwenye Corolla yangu mwenyewe betri ilisoma 14.0 na soketi ikasoma 12.1. Unaweza kusema volti mbili ni kitu gani. Ni kitu kikubwa, kwa sababu mwanga wa halojeni haupungui sawa na umeme, unapungua kwa kasi zaidi: poteza asilimia 5 ya volti na mwanga unashuka kwa karibu asilimia 16, poteza asilimia 10 na umepoteza karibu asilimia 30. Mimi nilikuwa naendesha na kama asilimia 60 tu ya mwanga wangu, nikilaumu globu.

Volti hizo zinapotelea njiani. Umeme unatembea na waya mwembamba wa zaidi ya miaka ishirini, unapita kwenye swichi ya usukani, kwenye soketi zilizoingia kutu kwa unyevu, ndipo ufike kwenye taa. Ni kama maji yanayopanda kwenye nyumba za juu ya mawe kule Mabatini kwa bomba jembamba lililoota kutu: chini yana nguvu, juu yanadondoka.

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza haina gharama: tafuta mahali waya wa hasi wa kila taa unapofungwa kwenye bodi, fungua, sugua chuma mpaka king'ae, paka grisi kidogo, funga. Ya pili ni rilei. Rilei ni swichi inayoamriwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Zile waya za zamani zinabaki na kazi ya kutoa amri tu, na umeme wenyewe unatoka betri hadi kwenye taa kwa njia fupi na nene. Mguu namba 30 unapokea kutoka betri, namba 87 unapeleka kwenye globu, na 85 na 86 ni za ile amri. Tumia rilei moja kwa dimu na nyingine kwa fulu, waya wa milimita mraba 2.5, na fyuzi ya ampea 15 kwa kila rilei, ikae karibu kabisa na betri. Fyuzi ikiwa mbali, au isipokuwepo, waya ukichubuka ukagusa bodi gari linaungua na hutakuwa na muda wa kutafuta spana.

Angalizo kwa wenye Toyota: nyingi za zamani zinawasha taa kwa upande wa hasi. Yaani chanya inafika kwenye globu, na swichi ndiyo inayokata na kuunga hasi. Michoro mingi inayozunguka mitandaoni imechorwa kwa magari ya namna nyingine, na ndiyo sababu watu wanafunga rilei zikakataa kufanya kazi. Pima meno matatu ya soketi kwanza, ujue lipi ni lipi, ndipo ukate waya.

Ukishafanya hayo, weka globu mpya za halojeni za wati 60/55 kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika, zote mbili kwa pamoja. Usiguse kichupa kwa vidole; mafuta ya ngozi yanatengeneza doa la joto na globu inakufa mapema. Ukikigusa, futa kwa spiriti. Na zile 100/90 achana nazo: zinavuta umeme zaidi ya mara moja na nusu, nimeona soketi zilizoyeyuka na rifleta zilizoungua kwa ajili yake.

Foglaiti si macho ya ziada

Foglaiti ina kazi moja. Ukungu, mvua nzito au vumbi likijaa, taa kubwa inamulika zile chembe zilizo mbele ya macho yako, unaona pazia jeupe. Foglaiti imewekwa chini na mwanga wake ni mpana, bapa, mfupi, umekatwa juu, ili upite chini ya pazia na kukuonyesha ukingo wa barabara. Inakusaidia ukiwa unakwenda polepole. Haijatengenezwa kuona mbali, na ukiwasha usiku mkavu inakudhuru: mita kumi za mbele zinang'aa sana, jicho linajifunga kulingana na mng'ao huo, na ng'ombe aliye mita 60 anazama gizani. Hicho ndicho kilichomkuta jirani yangu, ingawa yeye alikipata kwa taa kubwa.

Kuhusu njano. Imeenea imani kwamba mwanga wa njano unapenya ukungu. Matone ya ukungu ni makubwa mno kulinganisha na mawimbi ya mwanga, kwa hiyo yanazitawanya rangi zote karibu sawa. Faida ya njano ni nyingine: bluu imeondolewa, na jicho linachoka kidogo. Ufaransa ililazimisha taa kubwa za njano kwa miongo kadhaa hadi mwaka 1993. Mimi foglaiti zangu ni za njano na ninazipenda, lakini sizidai miujiza.

Kwetu ukungu si wa kila siku. Foglaiti zinafaa zaidi kwenye mvua kubwa na kwenye vumbi la barabara za changarawe. Ukizifunga mwenyewe, fuata utaratibu ule ule wa rilei na fyuzi, uwe na swichi yake peke yake, uzifunge chini ya usawa wa taa kubwa, na mwanga wake usiinuke popote ukutani kupita kimo cha taa yenyewe. Zile LED bapa za kazi, zinazofungwa kwenye trekta na mashine za shambani, si foglaiti hata zikiuzwa kwa jina hilo. Hazina mkato wowote.

Jambo dogo la hapa kwetu: wale wadudu wanaotoka ziwani kwa makundi kama moshi. Ukipita katikati yao wanaganda kwenye taa na mwanga unakufa. Usiwakwangue wakiwa wamekauka, utaukwaruza utando wa kioo. Weka kitambaa kilicholowa maji ya sabuni juu ya taa kwa dakika chache, watatoka wenyewe.

Ukuta na chaki

Kulenga taa ndiyo hatua inayosahaulika kuliko zote, na inahitaji ukuta tu. Tafuta sehemu tambarare, upepo wa matairi uwe sawa, mtu akae kwenye kiti cha dereva. Sogeza gari karibu na ukuta, chora kwa chaki usawa wa katikati ya kila taa. Rudi nyuma mita 10, washa dimu. Mstari wa juu wa mwanga unapaswa kuwa sentimita 10 chini ya alama yako, na upande wa kushoto uinuke kidogo. Nyuma ya taa kuna skrubu za kurekebishia, moja ya juu-chini na moja ya kulia-kushoto.

Kwa nini sentimita 10? Ni mteremko wa asilimia 1. Taa iliyo sentimita 65 kutoka ardhini, ikiinama kiasi hicho, mwanga wake unagusa barabara mita 65 mbele. Sasa pima na spidi yako: kwa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Hadi mguu ufike kwenye breki umeshakwenda zaidi ya mita 30, na breki nzuri kwenye lami kavu zinahitaji nyingine 35 au zaidi. Hata dimu iliyo kamili, basi, inakaribia mwisho wake kwa spidi 80. Iliyolenga chini zaidi inakuishia mapema, na iliyolenga juu inampofusha anayekuja, ambaye akipofuka anaweza kukufuata wewe.

Na mzigo unabadilisha kila kitu. Kati ya tairi la mbele na la nyuma kuna kama mita 2.5. Ukijaza abiria na magunia, nyuma ikashuka sentimita 5 tu, pua ya gari imeinuka asilimia 2. Ile inamo ya asilimia 1 imefutika na mwanga sasa unapanda. Magari mengi ya Kijapani yana kigurudumu kidogo karibu na usukani, chenye namba kuanzia 0, kwa ajili hiyo hiyo: mzigo ukiongezeka, unapandisha namba na taa zinainama. Nimeuliza madereva wengi wa mchomoko kinafanya kazi gani. Wengi wanadhani ni cha mwanga wa dashibodi.

Jumamosi iliyofuata tulizitoa zile LED za jirani. Tulipiga msasa taa zote mbili kutwa nzima, nikasugua hasi zake, tukarudisha halojeni, tukaenda kwenye ukuta ule ule na chaki. Gari likiwa tupu mstari ulikaa vizuri. Kisha tukaita watu wanne wa nyumbani kwake wakaingia nyuma, na tukauona mstari ukipanda taratibu ukutani hadi juu ya alama. Akazungusha kigurudumu, 1, 2, 3, mstari ukashuka mpaka ukalala chini ya chaki. Alikaa kimya kidogo, kisha akachukua kalamu ya wino mzito akaandika kwenye dashibodi, kando ya kigurudumu: "Wakijaa, 3." Rilei tutafunga wiki ijayo.